Nani Aliizeesha Laptopu ya Mjomba?

Ni majuma mengi sijaandika kitu, kazi ilinibana. Leo nataka tuzungumze historia kidogo, na itabidi nianzie nyumbani.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Anaishi Taita, huko juu karibu na Wundanyi. Tangu astaafu amekuwa mweka hazina wa mradi mdogo wa maji: bomba moja linatoka chemchemi, linapita nyumba hamsini na kitu, na kila nyumba inatoa Sh200 kwa mwezi. Hesabu zote alikuwa akiziandika kwenye kaunta buku kwa kalamu ya wino, kwa ule mwandiko wa walimu wa zamani usiokosea mstari.

Agosti 2025 mama mmoja akasimama mkutanoni na kusema alilipa miezi mitatu lakini daftari linasema hajalipa. Ukurasa wenyewe ulikuwa umemwagikiwa chai, nusu ya tarakimu hazisomeki. Mjomba akatoa Sh600 mfukoni mwake ili mambo yaishe. Hayakuisha. Mtu akishajilipia deni lisilo lake, watu huanza kujiuliza ni mengapi mengine aliyoyafunika namna hiyo. Mjomba alikaa darasani zaidi ya miaka thelathini bila mtu kumshuku hata chaki, na sasa watu walikuwa wanamsalimia huku wakiangalia kando.

Aliponipigia simu hakuomba pesa. Aliuliza, "Mpwa wangu, ile kompyuta iliyo juu ya kabati, kweli haiwezi tena kufanya kazi yoyote?"

Kompyuta yenyewe ni IBM ThinkPad T42 ya mwaka 2004. Prosesa ni Pentium M ya 1.7 GHz, kumbukumbu ya RAM ni MB 512, na diski ni ya GB 40. Ilimfikia mwaka 2009 kutoka ofisi fulani Mombasa iliyokuwa ikibadilisha vifaa. (Kiswahili cha shule kinaiita kipakatalishi. Mjomba mwenyewe huiita "kompyuta ya kukunja", nami sijaona neno zuri kuliko hilo, ila hapa nitasema laptopu ili tuelewane.) Aliandikia mitihani ya mazoezi, akapigia barua za kamati, kisha taratibu ikaacha kumfaa. Ikapandishwa juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya zamani.

Swali la mjomba lilinichoma kwa sababu mara ya kwanza mimi ndiye niliyeshindwa. Mwaka 2022, nikiwa na shahada yangu mpya ya sayansi ya kompyuta na majivuno yake, niliibeba hadi Nairobi nikiahidi kuifufua. Nikachukua mfumo endeshi mpya uliosifiwa sana, nikachoma, nikawasha. Ukakataa katakata. Nikatafuta mwingine, huo ukakubali, ila ukurasa wa barua pepe ulichukua dakika nne kufunguka, na feni ikawa inavuma kama posho mill. Nikamrudishia. Akatazama ile saa ya mchanga, akasema, "Imechoka kama mimi." Akairudisha juu ya kabati.

Safari hii nilijiuliza jambo ambalo nilipaswa kujiuliza mwanzo. Ndani ya laptopu hii, ni nini kilichobadilika tangu 2004? Prosesa yake ilikuwa ikihesabu mapigo bilioni 1.7 kwa sekunde siku ilipotoka kiwandani, na hata leo ni hayo hayo. Haijapungua hata pigo moja. Chuma hakikuzeeka. Basi nani aliizeesha?

Nimekaa na swali hili kwa miezi kadhaa na nimegundua kwamba lina majibu, tena majibu yenye tarehe.

Tuanze na yanayojulikana. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, iliridhika na RAM ya MB 4. Windows XP, Oktoba 2001, ikataka MB 64. Vista ilipofika kwa wananchi Januari 2007 ikataka angalau MB 512. Windows 10 ya mwaka 2015 ilitaka GB 1 au 2, na Windows 11 ya 2021 inataka GB 4 pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kutoka MB 4 hadi GB 4 ni mara elfu moja na ushee, kwa miaka 26. Je, barua za kamati zimekuwa ndefu mara elfu moja? Niklaus Wirth, yule Mswisi aliyetuundia lugha ya Pascal, aliliandikia jambo hili mwaka 1995: kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kuliko mashine zinavyozidi kuwa nyepesi wa mbio. Yeye mwenyewe alisema wazo hilo alilipata kwa mwenzake, Martin Reiser, lakini dunia ikaliita sheria ya Wirth.

Kwa laptopu ya mjomba tarehe kubwa ni Aprili 8, 2014. Siku hiyo Microsoft ilifunga ukurasa wa XP: hakuna tena marekebisho ya usalama. Mashine haikuzimika. Asubuhi ya Aprili 9 iliwaka kama kawaida. Ila kuanzia hapo kila shimo jipya lililogunduliwa lilibaki wazi. Walionunua kompyuta miaka kumi iliyopita wamelionja hilo Oktoba 14, 2025, Windows 10 ilipofikia mwisho wake, na ndiyo maana nadhani habari za T42 zinawahusu hata wasio na T42.

Sasa, sisi watu wa programu huria hupenda kusema kwamba kwetu mambo ni tofauti, mashine kuukuu haitupwi. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Kweli yake ni hii. Linux yenyewe ilizaliwa mwaka 1991 Helsinki, kwenye kompyuta ya kawaida ya prosesa ya 386 aliyokuwa amejinunulia mwanafunzi Linus Torvalds. Haikuzaliwa kwenye mashine za kifahari. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper akatoa Knoppix: mfumo mzima kwenye CD moja, unaiweka, unawasha, diski yako haiguswi. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia akaanza Puppy Linux, iliyoweza kujipakia yote kwenye RAM na kuiacha diski ipumzike. Na kati ya hizo zote inayonivutia zaidi ni Damn Small Linux ya John Andrews. Alijiwekea kiapo: haitazidi MB 50, ikae kwenye CD ndogo ya ukubwa wa kadi ya biashara. Ndani ya MB 50 hizo kulikuwa na kivinjari, programu ya kuandikia, ya barua pepe, ya muziki... na ilikubali kuwaka kwenye 486 yenye RAM ya MB 16.

Wasomaji vijana huenda wasione kwa nini MB 50 ilikuwa jambo kubwa. Hebu tupige hesabu. Modemu ya simu ya 56k, ikiwa na siku njema kabisa, hupakua MB 50 kwa saa mbili hivi. CD nzima ya MB 700 huichukua saa ishirini na nane, laini ya simu ikiwa imeshikwa muda wote huo na mita inakimbia. Kenya haikuwa na waya wowote wa intaneti chini ya bahari hadi mwaka 2009, TEAMS na SEACOM zilipotua Mombasa. Kabla ya hapo kila baiti ilipanda hadi kwenye setilaiti na kushuka. Kwa hiyo mtu aliyeminya mfumo endeshi ukaingia MB 50 alikuwa ameokoa kompyuta kuukuu, na pia alikuwa amemfungulia mlango mtu wa Voi au Kisumu. Njia ya pili ilikuwa posta: Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 kwa pesa za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilituma CD bure duniani kote hadi 2011. Uliomba, ukasubiri wiki kadhaa, bahasha ikafika.

Afrika Kusini huko huko, wakfu wa Shuttleworth ulifadhili maabara za shule zilizoitwa tuXlab. Zilitumia mbinu iitwayo LTSP, iliyokuwapo tangu 1999: seva moja yenye nguvu inafanya kazi yote, na kompyuta kuukuu zisizo hata na diski zinabaki kuwa skrini na kibodi tu. Ni jambo la busara sana. Huiulizi mashine ya zamani inaweza nini peke yake, unaipa sehemu ya kazi inayoiweza.

Nusu ile nyingine ya ukweli inauma kidogo. Programu huria nazo huzeesha mashine, tena kwa utaratibu ulio wazi kabisa, yeyote anaweza kuusoma. Toleo la 3.8 la kerneli ya Linux, Februari 2013, liliondoa uwezo wa kuwaka kwenye 386. Ndiyo, 386, tumbo lile lile lililoizaa! Torvalds alisema waziwazi kwamba hana huzuni yoyote. Ubuntu iliacha kutoa toleo la 32-biti la kompyuta za mezani kuanzia 17.10, Oktoba 2017. Mwaka huo huo Firefox ya Linux ikaacha prosesa zisizojua maagizo ya SSE2, yaani Pentium III na ndugu zake wakubwa. Debian, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kimbilio la wanyonge, ilitoa toleo lake la 13 Agosti 9, 2025 bila kerneli wala kisakinishi cha 32-biti cha aina ya mashine ya mjomba. Na Novemba 2025 Firefox 145 ikatoka bila toleo la Linux ya 32-biti. Hata ile Damn Small Linux, iliyofufuliwa na Andrews mwenyewe mwaka 2024, sasa inalenga MB 700 badala ya 50. Anasema ni ili itoshe kwenye CD moja ya kawaida, na siwezi kumlaumu, kwa maana kivinjari cha leo peke yake kingeijaza ile ya zamani na kumwagika nje.

Simlaumu yeyote katika hawa. Mimi ni mtengenezaji wa programu, najua uchungu wa kutunza msimbo kwa ajili ya mashine ambayo hakuna hata mmoja kwenye timu aliye nayo ya kujaribia. Kila mstari wa zamani ni mlango ambao mtu lazima aulinde, na wanaojitolea ni wachache. Lakini tusidanganyane kwamba mashine "imekufa". Kuna mkutano ulikaa, kukapigwa hesabu, na ikaamuliwa.

Kisa cha PAE ndicho kilichonichekesha mpaka nikakasirika. PAE ni mbinu iliyokuja na Pentium Pro mwaka 1995, inayoiwezesha prosesa ya 32-biti kufikia RAM iliyo zaidi ya GB 4. Mwaka 2012 mifumo kadhaa mikubwa ya Linux ikaamua kwamba kerneli zake zote za 32-biti zitadai PAE. Sasa, Pentium M za kwanza, pamoja na hii ya mjomba, wanayo PAE ndani yake, ila zikiulizwa hazikiri kuwa nazo. Kerneli inauliza "unayo?", prosesa inanyamaza, kerneli inafunga mlango. Mwaka 2014 ikaongezwa amri ya kuwashia, forcepae, ambayo maana yake hasa ni "wewe endelea tu, anayo, ni haya". Na kumbuka T42 ina nafasi mbili za RAM, zikijaa kabisa ni GB 2. Mashine ilikuwa inafukuzwa kwa kutokiri kwamba inaweza kufika mahali ambapo haina mguu wa kufikia. Huko ndiko nilikoshindwa mwaka 2022, na wala sikusoma ule ujumbe wa kosa hadi mwisho. Nilidhani ni chuma.

Kulikuwa na mlango mwingine uliofungwa, nao ni saa. Tovuti za leo karibu zote zinatumia vyeti vya usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Septemba 30, 2021 cheti kikuu cha zamani kilichokuwa kikitegemewa na Let's Encrypt kiliisha muda, na vifaa vingi vya zamani duniani vikaamka vikiwa havitambui sehemu kubwa ya intaneti. Mwaka mmoja kabla yake vivinjari vikubwa vilikuwa vimezima TLS 1.0 na 1.1, lugha za zamani za kusalimiana na seva. Juu ya hayo, laptopu ya mjomba ilikuwa na tatizo la shilingi mia moja: kile kibetri cha duara cha CR2032 kinachotunza saa wakati umeme haupo kilikuwa kimekauka. Kila ikiwashwa inaonyesha namba 161, kisha inaamini ni miaka ishirini iliyopita. Kwa mashine inayoamini hivyo, kila cheti cha leo kinatoka siku zijazo, hakijaanza kufanya kazi! Ukiona kompyuta kuukuu inakataa kila tovuti, angalia saa kabla ya kitu kingine chochote.

Basi Desemba 2025 nikapanda matatu hadi Voi, kisha Wundanyi, nikiwa na begi la vikorokoro kutoka Luthuli Avenue. Nilikuwa nimeamua jambo moja: sitaipeleka laptopu hii kwenye intaneti tena. Kila tarehe niliyoiorodhesha hapo juu, ukiitazama vizuri, inahusu mashine inayozungumza na ulimwengu. Ulimwengu hubadili lugha bila kukuuliza. Mradi wa maji wa nyumba hamsini hauhitaji kuzungumza na ulimwengu. Unahitaji kujua nani kalipa.

Kibetri cha saa nilikibadilisha kwanza. Kisha RAM, nikaongeza kijiti cha MB 512 kilichotoka kwenye laptopu nyingine iliyovunjika skrini, ikawa GB 1. Diski ya GB 40 ilikuwa ikisaga meno, nikaitoa na kuweka kadi ya CompactFlash ya GB 16, zile kadi za kamera kubwa. Watu wengi hawajui kwamba CompactFlash, tangu ilipoanzishwa na SanDisk mwaka 1994, ndani yake huzungumza lugha ile ile ya diski za IDE. Kiunganishi chake ni kibao kidogo cha bei nafuu kisicho na akili yoyote, kazi yake ni kupanga nyaya tu. Matokeo: hakuna sauti, hakuna kinachozunguka, na ikianguka mezani si msiba. Betri kubwa nilinunua ya kuiga, inakaa kama dakika hamsini. Inatosha. Umeme ukipotea, na huko hupotea, mtu anamalizia sentensi, anahifadhi, anazima.

Mfumo nilioweka ni Debian 12 ya mwaka 2023, kwa kuwa huo bado una kerneli ya 32-biti isiyodai PAE. Hakuna vioo vinavyong'aa wala vivuli vya madirisha. Kwa madirisha nimetumia IceWM, kazi iliyoanzwa na Marko Maček wa Slovenia mwaka 1997, na ikishawaka kila kitu hakifiki MB 200 za RAM. Kwa hesabu kuna Gnumeric, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwishoni mwa 2001. Kwa kuandikia kuna AbiWord.

Hapo kwenye AbiWord mjomba alinipa kazi ya ziada. Aliandika kumbukumbu za mkutano, akaona kila neno limepigiwa mstari mwekundu chini. Mwalimu wa Kiswahili, kila neno jekundu! Alichukia kwelikweli, akasema yeye ndiye aliyekuwa akipigia watu mistari. Nikamwonyesha kitu ambacho natamani kingejulikana zaidi: mwaka 2004 Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alitengeneza kihakiki tahajia cha Kiswahili na kukitoa huria, na mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta yenye menyu za Kiswahili. Ile orodha ya maneno ya Githeko ingali inasambazwa na LibreOffice hadi leo. Nilikuwa nimeibeba kwenye flashi. Nikaiweka, mistari myekundu ikatoweka isipokuwa chini ya majina ya watu na chini ya neno moja ambalo mjomba alikuwa amekosea kweli. Sitalitaja. Ni mwaka ule ule, 2004, na laptopu yenyewe. Zimeishi miaka ishirini na moja bila kukutana.

Lakini kilichotatua kesi ya maji hakikuwa programu, ni tundu. Nyuma ya T42 kuna ile bandari pana ya printa yenye matundu 25, ambayo laptopu za siku hizi hazina kabisa. Na katika ofisi ya duka la jumla la rafiki wa mjomba kulikuwa na printa ya dotimatriksi, Epson LX-300, inayolia kama cherehani, imekaa bila kazi tangu walete mashine mpya ya risiti. Printa ya aina hii hupiga karatasi kwa pini, kwa hiyo ukiweka karatasi mbili zenye kaboni katikati unapata nakala mbili kwa pigo moja. Printa ya wino haiwezi hilo, hata ya bei gani. Na haihitaji dereva wa kuisakinisha: unaitumia maandishi, inaandika.

Niliandika programu ndogo ya Python, mistari kama sitini. Inauliza namba ya nyumba, kiasi na mwezi. Inaongeza mstari mmoja kwenye faili la maandishi matupu, na kupeleka risiti moja kwa moja kwenye /dev/lp0. Faili hilo Gnumeric inalifungua na kujumlisha. Hakuna hifadhidata, na hiyo ilikuwa kwa makusudi. Faili la maandishi matupu linasomeka kwa programu ya 1985 na litasomeka kwa programu ya 2045, na siku laptopu ikigoma kabisa mtu yeyote atalichukua kwa flashi na kulisoma hata kwenye simu.

Risiti ya kwanza ilitoka kama ngazi. Mstari wa kwanza ulianza kushoto, wa pili ukaanzia pale wa kwanza ulipoishia, wa tatu mbele zaidi, kisha maneno yakatoka nje ya karatasi. Mjomba akashika kiuno. Nami nikacheka, maana ni historia tena: Unix humaliza mstari kwa alama moja tu, ya kushuka chini. Printa, kama mashine za teleksi kabla yake, hutaka alama mbili, ya kushuka na ya kurudi kushoto. Ilikuwa ikitii nilichosema, neno kwa neno. Nikaongeza alama ya pili. Risiti ikasimama wima.

Mkutano wa mwisho wa Desemba walikuja na laptopu, printa na waya mrefu wa umeme hadi kanisani. Kila aliyelipa alipewa karatasi ya juu yenye namba, ya chini ikabaki kwenye faili la mjomba. Yule mama wa miezi mitatu alikuwa wa nne kwenye foleni. Alisoma risiti yake mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye pochi. Hakusema neno. Alipokuwa anaondoka alimwita mjomba "mwalimu", kama zamani.

Siku ya kuondoka mjomba alinisindikiza hadi stendi. Akaniuliza, sasa hii itadumu hadi lini? Nikamwambia ukweli: chuma sijui, lakini programu nyingi za 32-biti kwenye toleo nililomwekea huhesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, na sanduku la kuhesabia litajaa Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa zetu. Baada ya hapo tarehe itaruka nyuma hadi mwaka 1901.

Akafikiri kidogo. Akauliza hiyo itakuwa siku gani ya juma. Nikatafuta kwenye simu: Jumanne.

"Basi haina neno," akasema. "Maji tunalipia Jumamosi."